Kisii ilionja 5G mapema, lakini wazo ni la nani?

Machi 2021 mambo mawili yalitokea, na huenda ulisikia moja tu.

La kwanza, Safaricom ilizindua majaribio ya mtandao wa 5G hapa Kenya. Miji minne ya mwanzo ilikuwa Nairobi, Kisumu, Kakamega na Kisii. Ndiyo, Kisii. Mombasa na Nakuru hazikuwa kwenye orodha hiyo ya kwanza. Vijana wa Gusii walipiga kifua mitandaoni, na walikuwa na haki.

La pili lilitokea mwezi huohuo kule China, na hakuna aliyelipigia kelele. Huawei, ambayo pamoja na Nokia ilikuwa mshirika wa Safaricom katika majaribio yale, ilitangaza bei ya mawazo yake. Kila simu ya 5G inayotumia uvumbuzi wake, mtengenezaji atalipa hadi dola 2.50 za Marekani. Hiyo si bei ya betri wala kioo. Ni bei ya wazo. Nokia ilikuwa imetangaza yake mwaka wa 2018: euro 3 kwa simu. Ericsson ya Uswidi ilitangulia mwaka wa 2017 kwa kusema itatoza hadi dola 5.

Fanya hesabu. Ukinunua simu ya 5G pale mjini Kisii, au ukiagiziwa na binamu yako aliye Nairobi, sehemu ya pesa zako inaweza kuwa imeshalipia vichwa vya watu ambao hujawahi kuwaona, na ambao hawajui Nyamira iko wapi. Dola 2.50 peke yake ni zaidi ya Sh300. Hiyo ni nauli na chakula cha mchana.

Sisemi wanatuibia. Walifikiri, wakapima, wakaandikisha, sasa wanakula jasho lao. Swali langu kwako ni lingine: itachukua nini ili wazo moja kama hilo litoke Daraja Mbili, Tabaka au Kebirigo? Jibu ninalolisikia kila mara ni kwamba sisi hatuna mashine na hatuna pesa. Kuna ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Ukifuatilia historia ya uvumbuzi wenyewe, utaona kwamba kinachotukwamisha zaidi ni vitu viwili: hatupimi vitu vyetu, na hatuandikishi tunachokigundua.

Mawimbi yanayokupitia saa hii

Tuanze na maneno. Maikrowevu si lile sanduku la kupasha chakula pekee. Ni mawimbi ya redio yaliyo mafupi, kuanzia urefu wa mita moja hivi kushuka hadi milimita moja. Redio ya FM unayoisikia kwenye matatu hutumia mawimbi ya karibu mita tatu. Wi-Fi ya kawaida hutumia gigahezi 2.4, yaani wimbi la sentimita 12 na ushei. Lile sanduku la jikoni linatumia gigahezi 2.45, karibu palepale, ndiyo maana likiwashwa Wi-Fi yaweza kuanza kukwama.

Siku ukipita karibu na busta ya simu, inua macho. Zile antena ndefu bapa ndizo zinazoongea na simu yako. Lakini kuna nyingine za mviringo, kama ngoma, zilizoelekezwa kwenye mnara mwingine mbali. Hizo zinarushiana data kwa maikrowevu kutoka kilima hadi kilima bila mtu kuchimba mtaro wa faiba. Katika nchi ya milima na mabonde kama Gusii, hiyo ni kazi kubwa.

Teknolojia hii ilishika kasi kwa sababu ya vita. Februari 1940, katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, John Randall na Harry Boot waliunda magnetroni yenye nguvu, kifaa cha kuzalisha maikrowevu. Kikatiwa ndani ya rada, nayo rada ikaanza kuona ndege na meli za adui kwa usahihi ambao haukuwepo.

Kisha akaja Percy Spencer, Mmarekani aliyeacha shule akiwa mtoto akaenda kufanya kazi kiwandani. Mambo ya redio alijifunza mwenyewe na katika jeshi la majini. Mwaka wa 1945 alikuwa Raytheon, kampuni iliyokuwa ikitengeneza magnetroni kwa wingi. Inasimuliwa kwamba akiwa karibu na mtambo, peremende iliyokuwa mfukoni mwake ikayeyuka. Wengine wangelaani suruali kuchafuka. Yeye akaleta mahindi ya bisi ayajaribu.

Watu hupenda kuishia hapo: “Unaona, hata bila digrii unaomoka!” Hebu tusidanganyane. Spencer alikuwa na vitu vitatu. Alikuwa na kitu cha kuchezea, yaani magnetroni zilizojaa kazini kwake. Alikuwa na vifaa vya kupimia na muda wa kurudia jaribio. Na alikuwa na watu wa kuandikisha: maombi ya hataza, ile ambayo wengi huiita patenti, yalipelekwa Oktoba 1945, vita vikiwa vimetoka tu kuisha, na hataza ikatolewa Januari 1950. Peremende ilimsaidia mara moja. Hivyo vitatu vilimsaidia siku zote.

Kumbuka vitatu hivyo. Nitavirudia.

Kidole gumba cha Tabaka

Sasa twende South Mugirango. Ukiwahi kufika Tabaka, umewaona mafundi wa mawe ya sabuni. Jiwe linachongwa, linapigwa msasa likiwa ndani ya maji, linakauka, linapakwa nta. Kabla ya nta, fundi hupitisha kidole gumba juu ya kinyago. Macho yanaweza kumwambia kimekuwa laini, lakini kidole kikasema bado. Kidole husoma mikwaruzo ambayo jicho limeikosa.

Sasa fikiria kidole hicho kikiwa chembamba kiasi kwamba ncha yake ni atomu moja. Hiyo ndiyo hadubini ya sindano. Haina lenzi na haihitaji mwanga kukuonyesha kitu. Inapapasa. Sindano inapitishwa juu ya kitu mstari kwa mstari, kompyuta inaandika wapi kumeinuka na wapi kumedidimia, na mwishowe unapata picha.

Ya kwanza ilizaliwa mwaka wa 1981 katika maabara ya IBM karibu na Zurich, Uswisi, mikononi mwa Gerd Binnig na Heinrich Rohrer. Sindano yao haikugusa. Ilisimama umbali wa chini ya nanomita moja kutoka kwenye chuma, huku umeme kidogo ukivuka lile pengo. Unywele wako una unene wa karibu nanomita 80,000, kwa hiyo pima mwenyewe huo ni ukaribu gani. Ujanja uko hapa: pengo likiongezeka kwa sehemu ya kumi tu ya nanomita, umeme unapungua karibu mara kumi. Kwa kipimo kikali hivyo, atomu moja moja zinaonekana. Mwaka wa 1986 wawili hao walipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia, wakagawana na Ernst Ruska, mzee wa hadubini ya elektroni.

Tatizo ni kwamba sindano ile ilitaka kitu kinachopitisha umeme. Jiwe la Tabaka lingekataa. Mwaka huohuo wa 1986, Binnig pamoja na Calvin Quate na Christoph Gerber wakaleta dada yake, hadubini inayohisi nguvu badala ya umeme. Hiyo inapapasa chochote: jiwe, plastiki, hata seli iliyo hai. Na ya kwanza waliitengenezaje? Kipande cha almasi kilichobandikwa kwenye ukanda mwembamba wa karatasi ya dhahabu. Ni kazi ya mkono, kama ya sonara.

Halafu kuna mahali ambapo maikrowevu na sindano vinakutana. Mwaka wa 1972, kule London, Eric Ash na George Nicholls walitumia maikrowevu ya urefu wa sentimita tatu kuona vitu vidogo mara sitini kuliko wimbi lenyewe, yaani nusu milimita. Walifanya hivyo kwa kuyapitisha mawimbi kwenye tundu dogo lililokaribia sana kitu chenyewe. Leo zipo hadubini za sindano zinazopeleka maikrowevu hadi kwenye ncha, na zinatumika kukagua ndani ya chipu za kompyuta. Kwa ufupi, simu iliyo mkononi mwako imejengwa kwa maarifa ya aina hii.

“Sisi hatuna mashine”

Najua unachowaza. Hadubini ya aina hiyo dukani ni bei ya nyumba au gari, nani ataninunulia mimi?

Sikiliza kwanza. Hataza ya Marekani ya hadubini ya kwanza ilitolewa mwaka wa 1982, ya pili mwaka wa 1988. Zote mbili zimeshakwisha muda. Maana yake, leo mtu yeyote, popote, anaweza kutengeneza na kuuza mashine inayofuata michoro ile bila kumlipa yeyote. Michoro yenyewe iko wazi kwenye intaneti. Hataza ni mapatano: jamii inakupa ulinzi wa muda, wewe unaacha maelezo kamili. Muda ukiisha, maelezo yanabaki kuwa ya wote. Ni maktaba ya bure ambayo wengi wetu hatujawahi kuingia.

Na watu wameingia. Mwaka wa 2013, wanafunzi wa Uingereza na China walikutana Beijing katika mradi ulioitwa LEGO2NANO, wakajaribu kuunda hadubini ya sindano kwa vipande vya Lego, ubao wa bei nafuu wa Arduino na vitu vingine vya kawaida. Wapo pia watu wanaounda ile ya Binnig na Rohrer nyumbani. Kinachosogeza sindano ni kile kidude bapa cha shaba kinacholia ndani ya saa ya kengele, kilichogawanywa sehemu nne kwa wembe. Sindano ni waya mgumu uliokatwa kwa mkasi. Ili mtikisiko wa gari barabarani usiharibu picha, kifaa kinaning'inizwa kwa springi au mpira. Mtu wa boda anayefunga gunia kwa blada tayari anao huo mpira.

Sasa nenda kwa fundi wa simu pale mjini. Analehemu kitu kidogo kuliko punje ya mchele, chini ya hadubini ya kawaida, huku mteja akimharakisha. Mkono wa kuunda kifaa kama kile upo. Ambacho hana ni saketi ya kukuza umeme mdogo sana, programu ya kuchora picha, na mtu wa fizikia wa kukaa naye. Mtu huyo anaweza kuwa Chuo Kikuu cha Kisii, chuo chenye hati kamili tangu 2013, mwendo wa boda kutoka kwenye kibanda chake. Wa umeme anaweza kuwa Kisii National Polytechnic, ile ambayo wazee bado wanaiita Gusii Institute. Swali ni je, hawa watatu wamewahi kukaa meza moja?

Hapo ndipo pesa inapoingia, na hapo lazima tuwe wakali. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka wa 2013 inasema Hazina ya Kitaifa ya Utafiti itengewe asilimia mbili ya pato la taifa kila mwaka. Soma tena: asilimia mbili. Zaidi ya miaka kumi baadaye, kiasi hicho hakijawahi kufikiwa. Hiyo si ahadi ya jukwaani ya mwanasiasa unayoweza kuisamehe. Ni sheria ya nchi.

Wakati huohuo Januari 2026 darasa la kwanza la Gredi 10 liliingia shule za upili za juu, na wengi wanasukumwa kwenye mkondo wa sayansi na teknolojia. Vizuri. Lakini mkondo si maabara. Mtoto wa Borabu au Bobasi akiambiwa yeye ni wa sayansi, kisha akamaliza miaka mitatu bila kushika mita ya kupimia umeme, tumempa jina tu. Mzazi aliye na mdogo wake au mwanawe Gredi 10 aulize swali moja shuleni: mna nini cha kupimia?

Kuna wanaosema tusubiri viwanda vikubwa. Kiwanda cha semikondakta kiko Nyeri, katika eneo la Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, na Mei 2024, Rais Ruto alipozuru Marekani, Ikulu ya White House ilisema inataka Kenya iwe nchi ya kwanza ya Afrika kufaidika na pesa za sheria yao ya chipu. Simu nazo zinaunganishwa Athi River tangu 2023. Haya ni maendeleo, nisiwe mchoyo. Lakini kuunganisha si kumiliki. Simu inaweza kufungwa skrubu Athi River, na zile dola za hataza bado zikaelekea Espoo na Shenzhen.

Maswali ambayo Zurich haiwezi kuuliza

Hapa ndipo Kisii na Nyamira zina kitu. Uvumbuzi huanza na swali, na swali zuri hutoka mahali ulipo. Nakupa matatu.

La kwanza ni mvua. Nyanda za Kisii hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na unajua barabara na miteremko inakuwaje. Maikrowevu yanayovuka kutoka mnara hadi mnara hupungua nguvu mvua inaponyesha, hasa yakiwa juu ya gigahezi 10. Kwa kampuni ya simu hiyo ni kero. Lakini mwaka wa 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv, Israeli, walionyesha kwamba kero hiyo ni kipimo: ukijua mawimbi yamepungua kiasi gani, unaweza kukadiria mvua iliyonyesha kati ya minara miwili. Mwaka wa 2012 jambo hilo lilijaribiwa Burkina Faso kwa kutumia njia ya mawimbi ya kilomita 29, na asilimia 95 ya siku za mvua zikatambuliwa. Hapakuhitajika mtambo mpya. Minara ilikuwepo tayari.

Sasa tazama vilima vya Gusii na minara iliyojaa juu yake. Kila mmoja anaweza kuwa kipima mvua bila kujengwa upya. Mkulima wa Nyamache, mhandisi wa barabara, na watu wanaoishi chini ya mteremko wote wangetaka kujua mvua iliyoshuka dakika kumi zilizopita. Kinachohitajika ni kampuni za simu kukubali kutoa rekodi za nguvu za mawimbi, idara ya hali ya hewa kushirikiana, na kijana anayejua hesabu na kuandika programu. Hiyo ni kazi ya mradi wa mwaka wa nne, si ya kwenda mwezini.

La pili ni chai. Nyamira ina viwanda kama Kebirigo, Sanganyi, Nyansiongo na Tombe. Jani likifika kiwandani huwa zaidi ya robo tatu ni maji. Linanyaushwa kwanza, na unyevu wa mwisho kabla ya kufungwa ni karibu asilimia tatu. Unyaushaji ukikosewa, ladha imekwenda, na bei mnadani Mombasa inafuata. Maji hunyonya maikrowevu na kuyapunguza mwendo kuliko jani kavu, ndiyo maana chakula hupata moto kwenye lile sanduku. Kwa hiyo maikrowevu yaliyopitishwa kwenye rundo la majani yanaweza kukuambia kuna maji kiasi gani bila kuchukua sampuli na kusubiri. Vipimo vya aina hii vipo duniani katika nafaka na mbao. Kifaa kidogo, cha bei ambayo kiwanda cha wakulima kinaweza kumudu, kilichorekebishwa kwa jani letu na baridi yetu, hiyo ni nafasi. Bonasi ya mama yako iko ndani yake.

La tatu ni lile jiwe. Kuna kauri iitwayo steataiti, inayotengenezwa kwa madini laini ya talki yaliyochomwa kwenye tanuri. Ni kihami kizuri cha umeme, na katika masafa ya juu haipotezi nguvu nyingi, ndiyo maana imetumika kwenye redio na mitambo kwa miaka mingi. Usikimbie kusema Tabaka ina dhahabu. Jiwe kuitwa la sabuni kwa sababu linateleza mkononi hakuthibitishi kwamba lina talki ya kutosha, na mawe ya machimbo mawili yanaweza kutofautiana. Hapa hata sindano haitoshi, unataka mashine ya miale ya eksirei inayotambua madini. Lakini hoja ni ileile: pima kwanza. Jibu likiwa hapana, tumejua. Likiwa ndiyo, vumbi ambalo leo linamwagwa na kuwaingia wachongaji mapafuni laweza kuwa malighafi.

Kabla hujaposti TikTok

Tuseme umepata kitu. Kitu cha kweli, kinafanya kazi. Vijana wengi huanza kwa kuposti video, na hapo ndipo unaweza kujichimbia shimo.

Hataza hutolewa kwa kitu kipya. Ukishakionyesha dunia nzima, nchi nyingi, zikiwemo za Ulaya, zitakuambia si kipya tena, hata kama ni wewe uliyekionyesha. Sheria ya Kenya ya Mali ya Viwanda ya mwaka wa 2001 ni mpole kidogo: inakupa miezi 12 baada ya wewe mwenyewe kukitangaza. Lakini usiutegemee upole huo kama unawaza soko la nje.

Ofisi inayohusika ni KIPI, iliyoko Nairobi. Jua mambo manne. Hataza hulinda kwa miaka 20 tangu siku ya kupeleka maombi, mradi ulipe ada za kila mwaka. Kuna pia cheti kidogo cha miaka 10, cha ubunifu mdogo unaofaa kazini. Hicho kinataka kitu kiwe kipya na kitumike, lakini hakidai ule urukaji mkubwa wa kiakili unaodaiwa na hataza. Kwa kipima unyevu cha chai kilichoboreshwa, huenda hicho ndicho cha kuanzia. Tatu, ulinzi ni wa nchi kwa nchi: kilichoandikishwa Marekani peke yake hakina nguvu hapa, na chako cha Kenya hakina nguvu Marekani. Nne, hesabu tupu haipewi hataza. Fomula yako ya mvua peke yake haitapita. Kifaa au mfumo unaoitumia kutoa onyo waweza kupita.

La mwisho linahusu ndugu na marafiki. Kama kitu mmekitengeneza wanne, andikeni mapema nani amefanya nini. Kama umekitengeneza kwa vifaa vya chuo au vya mwajiri, uliza sera yao inasema nini kabla ya kusaini chochote. Kimeharibu urafiki mwingi hiki kitu kinachoitwa “tutaelewana baadaye.”

Tudai nini, na kwa nani

Tusimpige mtu asiyehusika. Vyuo vikuu na vyuo vya kitaifa vya ufundi viko chini ya serikali ya kitaifa. Vyuo vya ufundi vya mashinani viko chini ya kaunti, kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Kwa hiyo ukikutana na mwakilishi wadi wako kule Nyamira au Kisii, usimwulize kuhusu 5G. Mwulize chuo cha ufundi cha wadi kina osiloskopu ngapi zinazofanya kazi, kile kifaa cha kuonyesha umeme ukicheza kwenye skrini. Ukikutana na mbunge, mwulize iko wapi ile asilimia mbili. Akikujibu kwa basari, mshukuru kwa basari kisha rudia swali.

Kwa vyuo vyetu, dai si kubwa: chumba kimoja chenye vifaa vya kupimia ambacho fundi wa nje anaruhusiwa kuingia Jumamosi. Kwa kampuni za simu, rekodi za mvua zilizomo ndani ya minara yao. Data hizo hazina siri ya mteja yeyote, ni nguvu ya mawimbi tu.

Na kwako wewe? Ukiwa mwanafunzi wa fizikia, tafuta fundi. Ukiwa fundi, tafuta mwanafunzi wa fizikia. Mkutane juu ya kitu kimoja kinachosumbua watu mnaowajua kwa majina, mkipime hadi kiseme ukweli, mwandike tarehe kwenye daftari, ndipo mwende KIPI. Kama miaka kumi ijayo kijana wa Guangzhou atanunua kifaa na sehemu ya pesa zake ikasafiri hadi Nyansiongo, itakuwa ni kwa sababu kuna mtu huku aliyeweka daftari hilo.